Shingo Hiyo Si Chafu

Wadogo zangu,

Wiki hii nina barua moja tu mkononi na sitaki kuichanganya na nyingine. Imetoka kwa msichana wa Kidato cha Pili, pande za Njoro, na ameiandika kwenye karatasi yenye miraba, ile ya kuchorea grafu. Ana miaka 16. Alivunja ungo akiwa na 12. Sasa ni Juni, na hajaona siku zake tangu michezo ya shule mwezi wa Februari. Chini ya kidevu ameota nywele ngumu ambazo huzing'oa kwa kibano alfajiri, bwenini, kabla wenzake hawajaamka. Na nyuma ya shingo pameingia weusi ambao sabuni haiutoi. Mama yake amekwisha kumwambia kwamba msichana mkubwa hafundishwi kuoga. Swali lake liko mwisho kabisa wa ukurasa, kwa herufi ndogo: anauliza kama kweli yeye ni msichana.

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Ndiyo, mdogo wangu. Wewe ni msichana na hakuna kilichopungua. Nywele za kidevu hazikugeuzi mvulana, na siku zilizochelewa hazikupunguzii chochote. Kuna shughuli moja ndani ya mwili wako ambayo huenda haiendi sawa. Shughuli hiyo inaeleweka, ina vipimo, na ina matibabu. Hata hiyo shingo ina maelezo. Hasa hiyo shingo.

Naijua kwa sababu ilikuwa yangu. Nilikulia Free Area, na kila Jumamosi jioni mama alinikalisha kwenye kiti kifupi uani, akaniinamisha kichwa, akanisugua nyuma ya shingo kwa kipande cha gunia. Ilipokosa kutoka, alijaribu limau na sukari. Ilipokosa tena, alijaribu jiwe la kusugulia visigino. Nilikuwa naenda kanisani Jumapili kola inaniwasha, na weusi uko palepale. Mama hakuwa mkatili. Alikuwa anaogopa watu watasema mtoto wake hatunzwi.

Weusi ule si uchafu. Ni ngozi yenyewe iliyoongezeka unene na kukoza rangi, ikawa laini kama mahameli. Hupenda mikunjo: shingo, kwapa, kati ya mapaja, wakati mwingine hata vifundo vya vidole. Ukiisugua unaikera, na ngozi iliyokerwa huzidi kuwa nyeusi. Ukiipaka krimu za kuchubua unaiunguza. Haitoki kwa nje kwa sababu haikuingia kwa nje.

Na sisi watu wa Nakuru, kati ya watu wote, tungepaswa kulielewa hili upesi. Tazameni meno yetu. Ukienda Nairobi ukacheka, mtu anakuuliza papo hapo kama umetoka Nakuru. Wengi wetu tumekua tukiambiwa hatupigi mswaki. Tukasugua kwa mkaa, tukasugua kwa chumvi, ufizi ukatoka damu na jino likabaki na kahawia yake. Kumbe ni maji. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa imejaa floraidi, na maji ya visima huibeba mpaka kwenye mtungi wa nyumbani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya kwetu hupita hapo. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajiunda ndani ya ufizi, meno hutoka na madoa tayari, na hakuna mswaki utakaoyatoa. Jimbo Katoliki la Nakuru lilitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ili kuitoa floraidi kwenye maji. Angalieni walipokwenda kurekebisha: kwenye maji, si kinywani mwa mtoto.

Sasa, shingo yako nayo ina kisima chake. Kisima hicho ni insulini.

Insulini ni homoni inayotoka kwenye kongosho. Kazi yake ni kuiambia misuli na ini kwamba sukari imefika kwenye damu, waichukue. Kuna miili ambayo haisikii vizuri wito huo. Hapo kongosho hufanya kama mama anayemwita mtoto aliyekwenda kucheza mbali. Anaita kwa sauti ya kawaida, mtoto hageuki. Anapaza. Anapaza tena, mpaka ploti nzima inamsikia. Mwishowe mtoto anakuja, yaani sukari inaingia inakotakiwa, na ndiyo maana kipimo cha sukari kinaweza kuonyesha kila kitu ni shwari kwa miaka mingi. Lakini majirani hawakuitwa wao, na wameshasikia. Jirani wa kwanza ni ngozi, inayoanza kunenepa na kukoza kwenye mikunjo. Jirani wa pili ni ovari.

Ovari ni viungo viwili vidogo, kila kimoja si kikubwa kuliko plamu changa, kimoja kushoto na kingine kulia mwa tumbo la uzazi. Ndiko mayai yanakokaa. Ovari za kila msichana, narudia, kila msichana, hutengeneza kiasi kidogo cha homoni ambazo watu huziita za kiume. Jina hilo limetuumiza sana, kwa sababu homoni hizo ni zetu pia, kama vile wanaume nao wana kiasi cha zile zinazoitwa za kike. Ovari ikisikia insulini ikipaza sauti, huzitengeneza kupita kiasi. Zikizidi, nywele ngumu huota kidevuni, juu ya mdomo, kifuani, chini ya kitovu. Chunusi hukita mizizi kwenye taya na mgongoni. Kwa wengine nywele za utosini hupungua.

Na siku je? Fikiria stejini. Kila mwezi, mayai kadhaa hupanga foleni ndani ya vifuko vyao kama matatu zinazosubiri abiria wa kwenda Naivasha. Kwa kawaida moja hujaza, huondoka, na nyingine hurudi nyuma. Ile iliyoondoka ndiyo yai lililopevuka, na ni safari yake inayofanya siku zako zije kwa mpangilio. Homoni zikivurugika, kila matatu hupata abiria wawili watatu na hakuna inayojaa. Foleni inazidi kuwa ndefu na hakuna safari. Daktari akiangalia kwa mashine huona vifuko vingi vidogo vimejipanga ukingoni mwa ovari, na hapo ndipo jina lilipotoka: sindromu ya ovari zenye vifuko vingi. Hospitalini utaisikia kwa herufi nne tu, PCOS. Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliieleza mwaka wa 1935 baada ya kuwachunguza wanawake saba. Jina linatisha kuliko kitu chenyewe. Vifuko hivyo si uvimbe, si saratani, wala havihitaji kukatwa. Ni mayai yaliyokwama njiani.

Niongeze hapa, maana wasichana wembamba hupuuzwa: si kila mwenye hali hii ni mnene, na si kila mwenye nayo ana shida ya insulini. Kwa wengine ni amri za tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, ndizo zinazozidi. Mara nyingi hutembea katika ukoo. Ukiuliza vizuri utasikia kwamba kuna shangazi aliyekuwa akikosa miezi, au baba ana kisukari. Kwa makadirio, inampata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi 70 kati ya kila 100 walio nayo hawajui. Chukua darasa la wasichana 50. Watano hivi watakuwa nayo ukubwani, na wengi wao watapita wakidhani wao peke yao ndio wamekosea mahali fulani.

Hili la kutojua ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka wa 2017 Kenya ilipitisha sheria kwamba kila msichana aliyeanza hedhi akiwa katika shule ya umma apewe sodo bure na serikali. Ni jambo jema, na pale sodo zinapokosa kufika ni haki kulalamika. Lakini hata zikifika, pakiti huja bila kalenda. Tunamfundisha msichana kuificha damu vizuri, hatumfundishi kuihesabu. Nimekutana na wasichana wa Kidato cha Nne wanaojua mzunguko wa naitrojeni kwa moyo na hawajui wao wenyewe wana mzunguko wa siku ngapi. Mwalimu unayegawa sodo Ijumaa, ongeza dakika kumi. Gawa na kalenda.

Kuhesabu ni hivi. Siku ya kwanza ya damu ndiyo namba moja, na unahesabu mpaka siku moja kabla ya damu nyingine kuanza. Watu wengi huhesabu kutoka siku damu inapokoma, wakakosea hapo. Mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, siku zikija ovyo usihangaike, mwili unajifunza kazi. Kuanzia mwaka wa pili hadi wa tatu, kitu chochote kati ya siku 21 na 45 ni sawa. Baada ya miaka mitatu, tarajia kati ya 21 na 35. Ukishapita ule mwaka wa kwanza, ukikaa zaidi ya siku 90 bila kuona chochote, hata kama ni mara moja tu, mwambie mtu mzima na uende kuonwa. Vivyo hivyo ukifika miaka 15 na hujaanza kabisa. Msichana wetu wa Njoro alianza miaka minne iliyopita na amekaa tangu Februari. Huyo si wa kusubiri.

Na damu inapoanza kuja baada ya miezi mingi, inaweza kuja kwa hasira. Ukijaza sodo moja kila saa, au ukatoka damu mpaka kichwa kinazunguka, usisubiri asubuhi. Amsha matroni.

Sasa neno kwa wanaokimbia, kwa sababu hii ni nchi ya wakimbiaji na najua mnasoma. Kuanzia Eldama Ravine hadi Nyahururu kuna wasichana wanaoamka saa kumi na moja kupiga mbio barabarani, na wengine wameambiwa na wenzao kwamba siku zikikatika ni dalili ya mazoezi kukolea. Si kweli. Mwili unaokimbia sana na kula kidogo huzima hedhi ili kubana matumizi, na pamoja na hedhi huacha kuijenga mifupa. Hiyo si PCOS, na tiba yake ni kinyume: kula zaidi, pumzika zaidi. Nimeitaja ili msijipe jina la ugonjwa wenyewe kwa kusoma hapa kwangu. Tezi ya shingoni ikilegea au ikizidi, siku huvurugika. Homoni ya maziwa ikipanda, siku hukatika. Kuna hata hali za kuzaliwa nazo kwenye tezi zilizo juu ya figo zinazofanana sana na hii kwa nywele na chunusi. Kazi ya kutofautisha ni ya daktari. Kazi yako ni kufika na tarehe zako mkononi.

Mimi sikufika na tarehe. Nilikuwa na miaka 17, nimetoka nyumbani na mama na begi lenye maji ya kunywa, kwa sababu tuliambiwa nijaze kibofu. Sitataja ni wapi. Nililala, nikapakwa ile jeli baridi tumboni, mashine ikapita. Aliyekuwa akiisoma hakuniangalia. Alimgeukia mama akamwambia ovari zimejaa vifuko, huyu atapata taabu ya kuzaa. Hatukuulizwa siku zangu ni ngapi. Hakuna damu iliyopimwa. Tulirudi na matatu bila kusemezana, na kwa miaka minane niliibeba ile sentensi kila mahali nilipokwenda. Kuna mvulana mzuri niliyemkimbia kwa sababu yake.

Leo najua kwamba nilikosewa mara mbili. Kwanza, mwongozo wa kimataifa wa hali hii, uliofanyiwa marekebisho mwaka wa 2023, unasema wazi kwamba picha ya ovari isitumiwe kutambua PCOS kwa msichana ambaye hajamaliza miaka minane tangu avunje ungo. Sababu yake ni rahisi: ovari za msichana mwenye afya katika umri huo huwa zimejaa vifuko vingi kwa kawaida tu. Ukimpiga picha kila msichana wa bweni lako, wengi watatoka wakilia bure. Kwa umri wenu kinachotakiwa ni mambo mawili kwa pamoja: siku zisizo na mpangilio kwa vipimo nilivyovitaja, na dalili za homoni kuzidi, ama kwa nywele na chunusi kali, ama kwa kipimo cha damu. Ukiwa na moja tu, daktari makini atasema uko kwenye hatari ya kuwa nayo, atakutibu kinachokusumbua, na atakuangalia tena miaka ikisonga. Hatakubandika jina la maisha kwa picha ya dakika tano.

Kosa la pili ni lile la kuzaa. Nitalisema taratibu kwa sababu nataka liingie. Wanawake wengi wenye PCOS huzaa. Wengine hushika mimba wenyewe bila msaada, wengine huhitaji dawa ya kulisukuma yai litoke, na dawa hizo zipo, ni za kumeza, na zimetumika kwa miaka mingi. Hakuna mtu anayeweza kumtazama msichana wa miaka 16 akamwambia hatazaa kwa sababu ya hili. Na kwa sababu wapo wavulana werevu wa maneno, nimalizie upande wa pili: siku kutokuja hakumaanishi huwezi kushika mimba. Yai linaweza kuondoka stejini siku ambayo hakuna aliyetarajia. Msichana aliyeambiwa kwamba yeye hazai, akaamini, anaweza kujikuta mama kabla ya mtihani.

Basi unaenda wapi? Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Ukihitaji daktari wa wanawake utaandikiwa barua ya kwenda mbele, na kwa wengi wetu hapa mbele ni Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, ile ambayo wazee bado wanaiita PGH. Mzazi ahakikishe amejisajili kwenye bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kwamba jina lako limeingizwa kama mtoto wake. Na kabla hata ya kupanda gari, kuna yule mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba na begi lake. Begi hilo lina mashine ya presha na ya kupima sukari. Si la wazee pekee.

Utakapofika, usishtuke ukipimwa mimba kwanza. Si tusi, ndivyo kila uchunguzi wa siku zilizokatika unavyoanza. Kisha uliza kwa adabu kama utapimwa tezi ya shingo, homoni ya maziwa, na hizo homoni zinazootesha nywele. Onyesha shingo yako mwenyewe, funua kola, usingoje kuulizwa. Sema pia kama nyumbani kuna kisukari. Na kama nywele zimekuja ghafla kwa wiki chache, au sauti imeanza kuwa nzito, liseme hilo kwanza kabla ya mengine yote, kwa sababu hapo kuna jambo jingine la kutafutwa haraka. Una haki ya kuongea na daktari mama akiwa amekaa nje kwa dakika chache. Una haki vilevile ya kumtaka akae ndani akushike mkono.

Mama, dada na mashangazi mnaousoma ukurasa huu juu ya bega la msichana, naomba mnisikilize katika la vidonge. Daktari anaweza kumwandikia binti yenu vidonge vilevile vinavyotumika kupanga uzazi. Najua neno hilo linavyotua katika nyumba ya watu wa kanisani. Lakini tumbo la uzazi hujitandika utando kila mwezi, na yai lisipotoka utando hauvuliwi, unabaki unanenepa. Miaka ikipita hivyo, utando huo unaweza kugeuka saratani. Vidonge huuvua kwa mpangilio, na taratibu hupunguza nywele na chunusi. Kumpa msichana huyu vidonge si kumpa ruhusa ya chochote, kama vile kumpa miwani si kumpa ruhusa ya kusoma barua za watu. Mwambieni daktari kama ana presha, kama huumwa kichwa cha upande mmoja akiona vimulimuli, au kama kwenu kuna aliyewahi kuganda damu mguuni, kwa maana hapo huchaguliwa dawa nyingine. Wengine hupewa metformini, ile ya kisukari, kwa sababu huusaidia mwili kuisikia insulini. Tumbo linaweza kusumbua wiki za kwanza, hasa dawa ikimezwa bila chakula.

Nywele huchukua muda, miezi sita au zaidi, msikate tamaa mwezi wa pili. Kwa sasa nyoa ukitaka. Kunyoa hakuongezi nywele wala kuzifanya ngumu, hiyo ni imani tu. Ni bora kuliko kung'oa gizani kwa kibano mpaka ngozi inatunga usaha.

Chakula sitakigeuza hotuba. Hakuna aliyekuzuia ugali. Githeri ni rafiki yako, ndengu ni rafiki yako, managu na terere hazihitaji kusifiwa Nakuru. Kinachomfanya yule mama apaze sauti ni soda ya kila siku, chai yenye vijiko vinne, vinywaji vya kuongeza nguvu, mandazi matatu ya kantini bila kitu kingine mpaka jioni. Saa moja ya mwili kusogea kila siku inatosha: kamba, netiboli, kupanda mlima kutoka shuleni. Kwa aliye na uzito uliozidi, kupungua kidogo tu, hata sehemu ndogo ya uzito wake, huweza kurudisha siku. Kushinda njaa hakurudishi chochote. Na zile chai za kusafisha tumbo zinazouzwa kwenye simu, zenye ahadi ya kuyeyusha vifuko kwa wiki mbili, ni pesa za wazazi zinazokwenda chooni. Wala kuolewa hakutibu. Shosho husema ukizaa yataisha, kogo naye husema vivyo hivyo, na wote wawili nawapenda, lakini hali hii hutunzwa maisha yote. Ukiitunza unajikinga na kisukari cha ukubwani na presha. Ukiiacha, inakutangulia.

Kuna jambo la mwisho ambalo barua ile haikulisema ila nililiona. Msichana anayeamka kabla ya kengele ili ajifiche kidevu amechoka. Wenye hali hii hupata huzuni na wasiwasi kuliko wenzao. Sehemu ni homoni, sehemu ni kuitwa jikedume kwenye foleni ya chakula. Daktari anapaswa kukuuliza unalalaje na unajisikiaje. Asipokuuliza, mwambie. Na nyinyi mnaocheka kwenye foleni hiyo, mmoja wenu ni wa tano katika lile darasa la 50, bado hajajua tu.

Wewe wa Njoro, karatasi uliyoniandikia ina miraba. Bado unazo nyingine. Chukua moja, chora safu 12, moja kwa kila mwezi, na utie rangi mraba wa siku ya michezo. Hiyo ndiyo tarehe yako ya kwanza. Ukienda nyumbani kwa likizo fupi, mpe mama ukurasa huu kabla hujampa maneno yako, ausome peke yake. Akinyamaza, usidhani amekasirika. Wangu, nilipomweleza nikiwa mtu mzima, alinyamaza kutwa nzima. Jioni aliniita uani. Alikuwa ameleta kile kiti kifupi. Akaniinamisha kichwa kama zamani, akakunja kola, akamimina mafuta kiganjani, akanipaka shingoni, polepole, mpaka giza likaingia.

Dada yenu